Sekunde Chache za Ngoma: Hip Hop Ilivyobanwa Mpaka Ikawa Hip Hop

Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8. Wimbo wa fanki wenye kasi ya midundo 100 kwa dakika unaingiza midundo mitatu kamili ndani ya mzunguko huo. Madiji wa Bronx walipambana na hesabu hii katikati ya miaka ya 1970, wengi wao bila kuiandika popote, na humo ndimo ilimotoka sauti ambayo leo unaisikia kwenye matatu za Nairobi na saluni za Goma.

Historia ya hip hop husimuliwa sana kwa majina: nani mfalme, nani alimtukana nani. Masimulizi hayo huwa yananichosha. Napenda zaidi kuisoma kupitia upungufu. Kila muziki huu ulipogeuka, kulikuwa na mtu aliyepungukiwa na kitu, iwe sekunde, kumbukumbu ya mashine, hela au ruhusa, akatafuta pa kupenyea. Alikopenyea ndiko wenzake walikokuja kukuita mtindo.

Kipande kilikuwa kifupi mno

Tarehe 11 Agosti 1973, Cindy Campbell aliandaa disko katika ukumbi mdogo wa jengo la ghorofa namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, jijini New York. Alitaka hela ya nguo za shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na 50 kwa wavulana. Aliyepiga santuri ni kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ambaye mtaa ulimjua kama DJ Kool Herc.

Herc alikuwa ameshagundua kwamba wachezaji hawausubiri wimbo wote. Wanasubiri pale waimbaji na magitaa wanaponyamaza, zikabaki ngoma na labda besi. Hapo ndipo wanapojitosa katikati ya ukumbi. Tatizo ni kwamba kwenye santuri nyingi kipande hicho kinakatika kabla mtu hajakolea. Dawa yake ikawa kununua kopi mbili za santuri ileile, kuziweka kwenye mashine mbili, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine: kipande kikiisha kushoto, kinaanza kulia. Ila aliangusha sindano kwa macho, akikisia kwa kuangalia mifereji ya santuri, kwa hiyo mara nyingi mdundo uliruka na watu wakapoteza hatua.

Aliyeufanya huo uwe ufundi wa kupimika ni Joseph Saddler, yaani Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados aliyesomea umeme. Njia yake unaweza kuijaribu leo ukipata santuri. Chukua kipande cha baa mbili, yaani midundo minane, kwa kasi ya 100. Hicho ni sekunde 4.8, sawa na mizunguko miwili na theluthi mbili. Santuri ikiwa pale kipande kinapoanza, chora mstari kwa kalamu ya nta kwenye lebo, uelekee mahali pa namba 12 kwenye uso wa saa. Kipande kikimalizika, mstari utakuwa kwenye namba 8. Kurudi mwanzo unaisukuma santuri kinyume mizunguko miwili kamili, halafu theluthi mbili, mpaka mstari usimame tena kwenye 12. Sekunde ulizo nazo ni zilezile 4.8, kwa sababu kopi ya pili inapiga upande wa pili na haikusubiri.

Yanayoharibika ni mengi. Mkeka wa mpira uliokuja na mashine unaing'ang'ania santuri, kwa hiyo ukiirudisha unairudisha na sahani nzima, na mota inalalamika. Flash alikata kitambaa cha felti akakipulizia wanga wa kupigia nguo pasi ili kikakamae. Santuri ikawa inateleza juu yake huku sahani ikiendelea kuzunguka chini. Mashine zinazoendeshwa kwa mkanda wa mpira huchelewa kushika kasi, na ule mvuto wa mwanzo, sauti inayopanda kama mtu anayeamka, unamuumbua diji mbele ya watu. Ndiyo maana mashine zenye mota inayoshika sahani moja kwa moja zilishinda, hasa Technics SL-1200 ya mwaka 1972 na toleo lake la MK2 la 1979, lenye kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Kwa wimbo wa kasi ya 100 hiyo inakupa nafasi kati ya 92 na 108. Kumbuka sauti nayo inapanda au kushuka zaidi kidogo ya nusu toni, kwa hiyo ukivuta sana, mwimbaji anageuka katuni.

Kijana mmoja wa karibu na Flash, Grand Wizzard Theodore, akaona kwamba ule mkwaruzo wa kurudisha santuri, ambao wengine walikuwa wakiuficha kwenye vipokea sauti, unaweza kuachiwa ukumbi uusikie, ukapigwa kama ala.

Na mtu wa maiki? Mwanzoni alikuwa msaidizi tu. Coke La Rock, aliyekuwa na Herc, alitaja majina ya rafiki zake na kuwachangamsha watu. Lakini kipande cha ngoma kikishaweza kurudiwa dakika tano bila kukatika, kinakuwa kama uwanja uliofyekwa, na mwenye maneno lazima ajitokeze. Kuchana, yaani kurapu, kulizaliwa kutokana na uwezo wa kurudia. Wanaosema kulikuwapo masimulizi na mashairi ya ngoma Afrika tangu zamani hawakosei, ila bila zile kopi mbili za santuri nadhani tungekuwa na kitu kingine.

Mashine iliyodharauliwa

Mwaka 1979 rekodi ya kwanza ya hip hop kupata soko kubwa ilitoka kwa Sugarhill Gang, na ndani yake hakuna diji. Kampuni iliita bendi ipige upya mdundo wa wimbo wa bendi ya Chic, na watunzi wa Chic wakadai, wakaingizwa kama watunzi. Ugomvi wa haki uko humu tangu siku ya kwanza.

Bendi ni gharama. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808, mashine ya ngoma yenye vitufe 16 vilivyopangwa mstari mmoja, kila kitufe kikiwa kipande kimoja cha baa. Bonyeza cha 1 na cha 9, umepata kiki, ngoma nzito ya chini. Cha 5 na cha 13, umepata snea, ngoma kali inayopasuka. Sauti zake hazikurekodiwa kwenye ngoma halisi, zilitengenezwa kwa saketi za umeme, na wanamuziki wengi wenye hela waliicheka: walitaka mashine za Linn, zilizokuwa na ngoma zilizorekodiwa. Kufikia 1983 Roland ilikuwa imeacha kuitengeneza, baada ya mashine kama 12,000. Iliuzwa dola 1,195 ikiwa mpya. Ilipokuwa haitakiwi tena ikashuka kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, na vijana wasio na studio wakaichukua.

Siri yake iko kwenye kiki. Ina kifundo cha kurefusha mkia wa sauti, na ukikizungusha mpaka mwisho, kiki inaacha kuwa pigo inakuwa besi inayovuma. Afrika Bambaataa na Soulsonic Force waliitumia mwaka 1982, Miami ikaipokea ikaijengea mtindo mzima wa besi, halafu Atlanta ikaigeuza kuwa uti wa mgongo wa trapu, hip hop ya kusini mwa Marekani. Leo mtu anasema "weka 808" akimaanisha besi, wala hajui kama kulikuwa na mashine ya jina hilo.

Sekunde kumi, na si zaidi

Katikati ya miaka ya 1980 mashine za kunasa sampo, yaani vipande vya sauti vilivyochukuliwa kwenye rekodi, zikashuka bei, na sasa kipande cha ngoma hakikuhitaji tena santuri mbili na mikono ya haraka. E-mu SP-1200, iliyotoka 1987, ndiyo iliyotengeneza sehemu kubwa ya hip hop ya New York ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Kumbukumbu yake yote ilikuwa sekunde 10. Sampo moja haikuruhusiwa kuzidi sekunde 2.5.

Piga hesabu. Baa moja ya midundo minne kwa kasi ya 96 ni sekunde 2.5 juu ya alama. Kwa kasi ya 90 ni sekunde 2.67, haiingii. Maprodyuza wakapata ujanja: wanapiga santuri ya 33 kwa kasi ya 45, wananasa sampo ikiwa inakimbia, kisha ndani ya mashine wanaishusha irudi kasi yake. Uwiano ni 1.35, kwa hiyo sekunde 2.5 za mashine zinabeba karibu sekunde 3.4 za muziki. Malipo yake ni ubora. Mashine ilinasa kwa biti 12 za kidijitali na mara 26,000 na ushei kwa sekunde, na ukishusha sampo namna hiyo, sauti za juu zinakuja na mchanga, mlio fulani wa chuma juu ya hai-hati, yale matoazi madogo. Mhandisi wa sauti angeuita hitilafu. Masikio ya mtaa yaliuzoea, yakaupenda, na sasa kuna programu zinazouzwa ili kuuweka uchafu uleule kwenye kompyuta yenye kumbukumbu isiyo na mwisho.

Akai MPC60 ya 1988, iliyobuniwa na Roger Linn, ilileta vibonyezo 16 vya mpira vilivyopangwa nne kwa nne, vinavyohisi nguvu ya kidole. Ilikuwa pia na kitu ambacho chipukizi wengi wanakipuuza: kuchelewesha, kwa Kiingereza "swing". Mashine inagawa kila nusu ya mdundo katika vipande viwili. Kwa asilimia 50 vipande viko sawa. Ukiweka 58, cha kwanza kinachukua asilimia 58 ya muda na cha pili kinachelewa. Kwa kasi ya 90, huko kuchelewa ni kama milisekunde 27. Hakuna anayeweza kukuhesabia milisekunde 27, lakini shingo inazijua: kwa 50 biti inatembea kama askari gwaride, kwa 58 inayumba kidogo na kichwa kinaanza kuitikia. Ukifika 66 umeingia kwenye mgawanyo wa tatu, na biti inakuwa inarukaruka. Kwa hip hop ya kawaida mimi naona uwanja wa kuchezea ni kati ya 53 na 62. Zaidi ya hapo uwe na sababu.

J Dilla wa Detroit alikwenda mbali zaidi. Mara nyingi alizima ile kazi ya mashine ya kusawazisha mapigo, akapiga kwa vidole, snea ikawahi kidogo, kiki ikachelewa, hai-hati ikanyooka. MPC yake sasa iko kwenye makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, Washington. Wanaomuiga hukosea kwa kuchelewesha kila kitu. Kila kitu kikichelewa kwa kiasi kilekile, hakuna kilichochelewa. Lazima kitu kimoja kibaki kimenyooka ili vingine vionekane vinayumba.

Ruhusa

Desemba 1991, mahakama moja ya New York iliamua kesi dhidi ya Warner Bros. kuhusu sampo aliyotumia Biz Markie kutoka wimbo wa Gilbert O'Sullivan. Jaji alifungua hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza kuiba. Biashara ikageuka mara moja. Zile albamu zenye sampo kumi, kumi na tano ndani ya wimbo mmoja, kama zilivyojengwa na timu ya Public Enemy, zikawa hazilipiki tena. Albamu za mwanzo za De La Soul zilikosekana kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni mpaka Machi 2023, na mkwamo wa haki za sampo ulikuwa sehemu kubwa ya sababu.

Jambo ambalo vijana wengi wa kwetu hawalijui ni kwamba sampo ina haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani melodi na maneno, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Ukinasa sekunde nne kutoka kwenye santuri, unahitaji zote mbili. Ukiita mpiga besi akaipiga upya melodi ileile, unahitaji moja tu, ya utunzi. Ndiyo sababu Dr. Dre, kwenye albamu yake ya 1992, aliwaita wanamuziki wapige upya sehemu nyingi: sauti ikawa safi, nene, ya magari makubwa ya California, na karatasi za kusaini zikapungua. Watu huuita ule mtindo wa Pwani ya Magharibi, wakasahau kumtaja mwanasheria.

Anayetaka kuchopoa gitaa la bendi za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 akutane na jambo hilohilo. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hazina yake sasa iko TBC, shirika la utangazaji la taifa. Kuwa na ruhusa ya familia ya mtunzi hakukupi rekodi, na kuwa na rekodi hakukupi utunzi. Anza na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uulize wimbo umesajiliwa kwa nani, kabla ya kutoa wimbo wako, maana baada ya wimbo kuvuma bei inapangwa na mwenzako.

Mpaka Dar

Afrika Mashariki, upungufu ulikuwa wa aina nyingine. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio ya serikali tu. Hip hop iliingia kwa kanda na mikanda ya video iliyoletwa na ndugu waliosafiri, na vijana wakachana juu ya biti za Kimarekani ambazo hazikuwa zao. Saleh J alitoa kanda yake ya rapu ya Kiswahili mwaka 1991 kwa njia hiyohiyo. Kwanza Unit iliundwa 1993. Baadaye sheria ilifungua milango ya redio binafsi, Radio One ikaanza 1994, na ghafla kukawa na mahali pa kupeleka wimbo. Jina la Bongo Flava linahusishwa sana na mtangazaji wa redio hiyo, Mike Mhagama.

Studio zilihesabika. Mawingu, MJ ya Master J, na Bongo Records ya P-Funk Majani zilibeba mzigo mkubwa, na mtu alikuja studio akiwa ameshakariri vesi zake zote, kwa sababu saa ya studio ni hela. Unaisikia hiyo kwenye nyimbo za wakati ule: mistari imeshonwa, haina viraka. Halafu ikaja FruityLoops, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, iliyoanza mwishoni mwa 1997 na kubadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Ukiifungua, kitu cha kwanza unachokiona ni visanduku 16 vilivyopangwa mstari mmoja, mjukuu halali wa ile 808. Kompyuta moja ya mezani, kopi ya programu ambayo mara nyingi haikulipiwa, na mtaa ukawa na studio.

Matokeo yake kwenye jamii tumeyaona kwa macho. Mr. II, yaani Sugu, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kutoka 2010 hadi 2020. Profesa Jay alikuwa mbunge wa Mikumi kutoka 2015 hadi 2020, naye ndiye aliyewahi kutamba kwa kumwigiza mwanasiasa mwongo anayeahidi kila kitu. Kenya, wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji uligeuka wimbo wa kampeni za NARC, muungano wa vyama vya upinzani, mwaka 2002, na Kalamashaka walikuwa wameshaufanya mtaa wa Dandora, Nairobi, usikike nchi nzima kwa Kiswahili cha mtaani. Watu wanaosema muziki huu ni wa wahuni wakumbuke wahuni hao wamekaa Dodoma wakipiga kura ya bajeti.

Visanduku 16, mizani 16

Hapa ndipo naona Kiswahili kina neema ambayo wachanaji wengi hawaitumii ipasavyo. Mshororo wa shairi letu la tarbia, kwa umbo lake lililozoeleka, una mizani 16: nane ukwapi, nane utao. Baa ya biti ina visanduku 16. Kila silabi kisanduku chake. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, ila ipo.

Chukua mistari hii:

*Nauza maji foleni, jua linachoma mbavu*
*Suka simama pembeni, najua koo ni kavu*

Kila mstari una mizani 16, vina vya kati ni -eni, vya mwisho ni -avu. Ukiichana kwa kuanza kisanduku cha 1, utaona kitu hakikai. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo uzito wa kina uko kwenye *le* ya foleni na *mba* ya mbavu, yaani silabi ya 7 na ya 15. Snea yako iko 5 na 13. Mdomo unapiga kule, ngoma inapiga huku. Hili ndilo kosa ninalolisikia zaidi kwenye vesi za chipukizi: maneno mazuri, vina vimekamilika, lakini wimbo unasikika kama msomaji wa taarifa ya habari aliyewekewa ngoma nyuma.

Dawa ni kuanza mapema. Anza mstari visanduku viwili kabla ya baa, kwenye cha 15 cha baa iliyopita. *Na-u* zinaanguka 15 na 16, *za* inaanguka 1, na ukihesabu mpaka mbele, *le* inatua 5 kamili na *mba* inatua 13. Mstari wa pili nao: *mbe* ya pembeni 5, *ka* ya kavu 13. Kina na snea vinagonga pamoja. Jaribu kwa kugonga meza kabla hujawasha kompyuta.

Dawa hiyo ina gharama. Kwa kasi ya 90 kila kisanduku ni sehemu ya sita ya sekunde, yaani silabi sita kwa sekunde, na mistari iliyojaa mizani 16 haina pa kuvuta pumzi. Baa nne mfululizo ni karibu sekunde 11. Mapafu yatakubali, ila sauti itaanza kufifia kwenye baa ya tatu, na ndipo mtu anapomeza viambishi, "nitakuambia" inakuwa "ntakwambia", halafu "takwambia". Punguza mizani ya mstari wa pili au wa nne iwe 12 au 13, uache visanduku vitupu kabla ya mstari unaofuata. Ukimya huo ndio unaompa msikilizaji nafasi ya kucheka au kusema "eeh".

Vina navyo vina mtego. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na -a, kwa hiyo kuimba *napenda*, *natafuta*, *nakimbia* halafu ukasema umeweka vina ni kujidanganya. Kina kinachosikika kinaanza kwenye silabi yenye mkazo: *-enda* na *-enda*, *-avu* na *-avu*. Ukiweza silabi tatu, *tabia* na *Arabia*, tayari watu wameshika daftari.

Trapu ilipofika, na ile mitiririko ya tatu-tatu, wengi waliibeba kama ilivyo kutoka Atlanta. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, hivyo ni rahisi kuweka uzito kwenye noti ya kwanza ya kila kundi la tatu. Maneno yetu ya silabi tatu, *simama, kijana, karibu*, yana uzito katikati. Ukiyapanga moja kwa kila kundi, mkazo unaangukia noti ya pili na mtiririko mzima unachechemea. Sogeza neno noti moja mapema, silabi ya kwanza iangukie mwisho wa kundi lililopita, na mambo yanakaa.

Chumbani, kwenye ukuta wa saruji

Biti nzuri na vesi nzuri huharibikia kwenye kurekodi. Chumba cha kuta za saruji na dirisha la vioo kina mwangwi ambao ni vigumu programu kuutoa wote bila kuharibu sauti ukishaingia. Simamisha magodoro mawili nyuma na ubavuni mwa mchanaji, si nyuma ya maiki peke yake, kwa sababu maiki nyingi za studio zinasikia zaidi mbele, na mbele yake ni ukuta ulio nyuma ya mchanaji. Mdomo ukae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Ukisogea sana besi inajaa na P zinalipuka. Ukirudi sana chumba kinaingia. Kiwango cha sauti kilele chake kiwe kati ya desibeli -12 na -6. Wanaorekodi mpaka taa nyekundu kwa imani kwamba kubwa ndiyo nzuri hawana njia ya kurudi.

Kata kila kitu cha sauti ya mtu kilicho chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 100. Huko kuna feni, magari ya barabarani na hatua za jirani wa juu, na ndiko kiki yako inakoishi.

Kuhusu besi ya 808: ipange kwenye noti ya wimbo. Wengi huiburuta faili ikiwa kwenye C, wimbo uko F, halafu wanashangaa kwa nini kiitikio kinasikika kama kimelewa. Na ukishaipanga, kumbuka wasikilizaji wako wako kwenye simu. Noti ya G ya chini ni hezi 49, na spika ya simu haina habari nayo kabisa. Kinachosikika kwenye simu ni zile sauti zinazozaliwa juu yake, hezi 98, 147, 196 na kuendelea, na 808 safi inazo chache mno. Ichafue kidogo, kopi moja ya besi uipitishe kwenye programu ya kukwaruza, ukate chini ya hezi 150, uichanganye taratibu na ile safi. Kwenye spika kubwa hutaisikia tofauti. Kwenye simu, besi iliyokuwa imepotea inarudi.

Kiki na 808 zikipiga pamoja mara nyingine zinauana: wimbi moja linapanda lingine likishuka, na badala ya uzito unapata pigo jembamba. Geuza uelekeo wa wimbi la moja wapo, sikiliza, chagua ile yenye kifua. Zote mbili zikiendelea kugombana, fupisha kiki iwe kama milisekunde 80, iwe pigo tu, mkia uachie 808.

Ukimtumia mtu vipande vya biti, mpe faili za WAV za biti 24, zote zianzie sekunde sifuri, na uandike kasi na noti kwenye jina la faili. Prodyuza anayepokea faili iitwayo "biti mpya final 2 kweli" anaanza kazi akiwa amekasirika.